Spika Niliyoiponya Bila Kuombwa

Mie si mtu wa kushangazwa. Nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke, na kwa miaka thelathini nimefungua kila kitu kinachotoa sauti. Nimekuta mende wanalea watoto ndani ya sabufa. Nimekuta hirizi imeshonewa nyuma ya redio ya mheshimiwa mmoja. Nimekuta meno ya bandia ndani ya spika ya ukumbini, na mwenyewe akaja kuyafuata. Vyote nilivitoa, nikafunga, nikatoza, nikaenda kula. Kwa hiyo siku binti yangu aliponiambia anataka kutengeneza albamu ya roki kwenye stoo yangu, nilimjibu, "Sawa mama, stoo ile pale," nikaendelea kuchomelea waya.

Namwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu. Ni mtoto wangu wa kwanza, ana miaka ishirini na saba, amesoma mpaka chuo, anafanya kazi ya zamu kwenye maabara ya hospitali. Mie niliishia darasa la nne. Nasema hivyo bila aibu, maana wenye digrii zao ndio wanaonipangia foleni hapo nje, wamekumbatia sabufa kama mtoto mwenye homa. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kuokota spika zilizotupwa sokoni Buguruni, nikawa nazipasua nione ndani kuna nini. Leo nina fremu tatu za duka zimepangana barabarani, nina stoo nyuma, na ukisema "fundi spika" kuanzia Tandika hadi Mbagala hakuna atakayekuuliza yupi.

Ila nina ugonjwa mmoja: siwezi kukaa. Mke wangu anasema nilizaliwa na siafu kwenye kaptula. Nikiona kitu kibovu kimekaa tu, mwili unawasha. Niliwahi kwenda msibani Morogoro, nikamkuta shekhe anaomba dua kwenye kipaza sauti kinachokatakata, nikatoa bisibisi mfukoni pale pale. Dua ilipofika "amina" kipaza kilikuwa kinalia kama kipya. Tabia hiyo ndiyo iliyonijengea jina, na hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Walikuwa watatu. Binti yangu gitaa na kuimba. Drams alipiga kijana mmoja wa Mbeya, mwalimu aliyekuwa anasubiri ajira, mlokole, mpole mpaka unamwonea huruma, lakini ukimpa vijiti utadhani kaibiwa. Besi alipiga dada mshonaji wa Mtoni, anayekuja na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Mie roki nilikuwaga naisikia kwenye filamu tu, pale magari yanapopinduka. Kwetu ni singeli, taarabu, bongo fleva, na kaswida siku za maulidi.

Mke wangu alimuuliza, "Sasa mwanangu, huo muziki wenu watu wanachezaje?"

"Wanatikisa kichwa, mama."

"Halafu?"

"Basi."

Mama yake akanitazama kana kwamba nilimzaa peke yangu.

Stoo waliifunika kuta kwa magodoro ya kuazima na trei za mayai. Shida ikawa mtaa. Kushoto kwangu yuko mchomelea mageti, kulia kuna mashine ya kusaga, mbele ni kijiwe cha bodaboda. Ukiwasha maiki unarekodi Temeke nzima. Wakachunguza, wakagundua kwamba ndani ya wiki mtaa wetu unanyamaza mara moja tu, Ijumaa mchana, sie wanaume tukiwa msikitini. Mchomelea mageti anazima, mwenye mashine anafunga, boda wanaegesha. Basi hiyo ikawa saa yao. Mwalimu na dada wa besi ni Wakristo, binti yangu anakuwa ametoka zamu ya usiku. Adhana ikiisha wanajifungia, wanapiga mpaka wasikie kandambili za kwanza zinarudi. Wimbo mmoja Ijumaa mbili, pengine tatu. Nami nikitoka kuswali nawakuta wamelowa jasho, wanagombea jagi la maji, laptop imeshafungwa.

Hapo ndipo penye jambo. Miezi kadhaa albamu inatengenezwa kwenye stoo yangu mwenyewe, mie fundi wa sauti, na sikuwahi kusikia hata dakika moja. Kila walipopiga nilikuwa safu ya pili nasikiliza hotuba.

Gitaa la binti yangu lilikuwa linatokea kwenye spika aliyoichomoa kwenye chakavu zangu. Kila kifaa kinachoingia dukani nakibandika kipande cha plasta ya karatasi, naandika ugonjwa wake kwa wino mzito. HAIWAKI. INAKATA. INANGURUMA. Hii ilikuwa imeandikwa INAKWARUZA. Ililetwa na mzee mmoja wa Kawe, nyumba yake imetazama bahari, hakurudi kuifuata, ikakaa miaka. Binti akaifunga kwenye boksi, akachomeka gitaa. Nilipomwona nilidhani kaichukua kwa kukosa nyingine, kaona aibu kuniomba. Roho ikaniuma. Mtoto wa fundi spika wa Temeke anapigia spika mbovu! Watu wakijua, nitaweka wapi uso?

Jumanne moja alipokuwa kazini nikaingia stoo. Siku hiyo nilikuwa na wateja sita wananingoja, nikawaacha. Nilibandua karatasi ya spika iliyochanika, ile inayotikisika kutoa sauti, nikatoa koili ya waya iliyoliwa na kutu, nikasafisha sumaku kwa brashi ya meno, nikaweka koili mpya, karatasi mpya, nikazipanga mpaka sindano isingepita upande mmoja zaidi ya mwingine. Nikaijaribu kwa kaswida. Mke wangu, aliyekuwa jikoni uani, alitoka na mwiko. "Nani huyo?" Alidhani kuna msomaji kaja nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yangu nikiamua. Plasta ya INAKWARUZA nikaibandua, nikaikunja, nikaitupa pamoja na karatasi kuukuu. Mwenye mkokoteni wa taka akapita, akachukua.

Ijumaa nikatoka msikitini mbiombio, hata kanzu sikubadilisha. Nilikuwa nangojea pongezi. Nikawakuta wote watatu wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, hawana jasho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeionaje?"

"Baba, ile karatasi ya zamani iko wapi?"

"Ile iliyochanika? Nimetupa."

"Umeitupa wapi?"

"Mama, taka hutupwa wapi?"

Mwalimu akainamisha kichwa kama mtu anayepokea taarifa ya msiba. Dada wa besi ndiye aliyepata nguvu ya kunieleza, huku anazungusha futi yake mkononi. "Mzee, ule mkwaruzo ndio tulikuwa tunautaka."

"Mnautaka mnauweka wapi?"

"Ndiyo sauti ya albamu, mzee. Nyimbo sita zimerekodiwa nao. Hata jina la albamu tumechukua kwenye ile plasta yako. Inakwaruza."

"Na zimebaki tatu," binti akasema. "Na mwalimu kapangiwa Katavi. Anaripoti baada ya wiki tatu. Zimebaki Ijumaa tatu, baba, na gitaa sasa linalia kama kinanda cha chekechea."

Nikawaambia wanisikilizishe hizo sita. Wakafungua laptop. Wallahi, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye bisibisi. Nilisikia koili imegusa upande wa chini, karatasi imeachia, gundi imekauka, ugonjwa juu ya ugonjwa. Kila sekunde nilikuwa nataka kusimama. Halafu ukaja wimbo wa nne. Binti anaimba habari za bibi yake anavyowaita wajukuu wakale. Mama yangu mwaka wake wa mwisho alikuwa na ugonjwa wa koo, sauti ilikauka ikabaki pumzi inayokwaruza, na watoto walikuwa wakiitwa hivyo wanakuja mbio kuliko walivyokuja zamani. Gitaa lilikuwa linaita vile vile. Sikuwahi kujua kwamba mtoto alikuwa anasikiliza. Nikasema, "Hiyo spika ilikuwa imeharibika sana," maana ndicho nilichoweza kusema, nikatoka nje nikamgombeza boda aliyeegesha vizuri kabisa.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikukaa. Asubuhi nilichukua spika ileile, nikaichana karatasi kwa wembe. Jioni binti akapiga, akatikisa kichwa. "Hiyo inapiga mluzi, baba." Nikachukua nyingine, nikaitoboa kwa msumari. "Hiyo inakohoa." Nikamwagia nyingine maji, nikaianika juani juu ya bati. "Hiyo imelewa." Nikaenda Buguruni kwa wanunuzi wa chakavu, nikarudi na gunia la spika zilizokufa, nikazijaribu moja moja mpaka mchomelea mageti akaja kuuliza kama nimeingiwa na kitu. Nilimwambia natafuta ubovu. Akasema, "Fundi, si ujitazame kwenye kioo?" Wote pale kijiweni wakacheka, na mie kwa kawaida ningemrudishia lake likamkaa, lakini siku ile nilipita tu. Ijumaa ya kwanza ikapotea. Nilisimama msikitini mwili uko safu ya pili, akili iko stoo, na baada ya salamu jirani yangu akanigusa bega, "Fundi, leo ulikuwa na haraka ya kwenda wapi? Umemtangulia imamu mara mbili."

Mtu aliyeweza kutengeneza spika yoyote Temeke ameshindwa kuharibu moja. Fikirini aibu hiyo.

Jumapili nikaacha kuchana chana. Nikakaa, jambo ambalo sikaagi, nikajiuliza kama mganga: huyu mgonjwa aliugua vipi? Alikaa Kawe, upepo wa chumvi ukaingia kwenye sumaku. Kutu ikaisukuma koili upande mmoja, kidogo tu. Karatasi ikachanika, mwenyewe akaiziba kwa gundi ya viatu na kipande cha daftari la mtoto, niliikumbuka mpaka ile mistari yake. Haukuwa ubovu wa siku moja ule. Ulikuwa umejengwa, ngazi kwa ngazi, na ili kuujenga upya ilihitajika spika nzuri ya zamani, yenye sumaku nzito kama ile. Nilikuwa nayo moja. Ilikuwa mlangoni pa fremu ya kwanza, inchi kumi na tano, ya kwanza kabisa niliyoisuka kwa mkono wangu nikiwa kijana, ile ambayo wateja wakiniuliza kama najua kazi nawaambia, "Sikilizeni hiyo."

Nikaishusha. Mke wangu aliniona nimebeba maji ya chumvi kwenye sufuria yake. Akasema, "Hiyo pia?" Nikasema, "Hiyo pia."

Kazi ilichukua siku tatu. Chumvi, jua, chumvi tena. Koili niliisogeza kwa unene wa kucha. Gundi ya viatu, karatasi ya daftari yenye mistari. Alhamisi binti akachomeka gitaa, akapiga mara moja. Akapiga tena, safari hii amefumba macho. Halafu akapiga kelele kuelekea mlangoni, "Nyie! Njooni hapa!" Wenzake wakaja mbio, dada wa besi na pini mdomoni. Mie nilisimama pembeni nimekunja mikono. Mafundi wa kutengeneza wako wengi. Nani mwingine katika jiji hili anaweza kuharibu spika kwa kipimo?

Ijumaa mbili zilizobaki walirekodi nyimbo zote tatu. Ya mwisho waliimaliza watu wameshaanza kutoka msikitini, ukisikiliza kwa makini mwishoni mwa albamu zinasikika kandambili, na waliziacha. Jumatatu mwalimu akapanda basi la Katavi.

Wakaipandisha mtandaoni. Wakafanya onyesho dogo Kinondoni, kwenye ukumbi wa watu kama arobaini, na mpiga drams wa kuazima. Mie nilipeleka mitambo yangu, nikavaa suti. Kijana mmoja mwenye fulana nyeusi akanijia, "Mzee, hizo spika hazijaungua?" Nikamwambia, "Kijana, tikisa kichwa." Akatikisa. Wengi walitikisa. Binti yangu pale juu alikuwa mtu mwingine, si yule anayenisalimia asubuhi kashika kikombe cha chai, nikawa namtazama kwa wasiwasi kama vile anavuka barabara yenye magari.

Halafu kukaja habari ya redio. Kituo kimoja kiliahidi kupiga wimbo wa kwanza kwenye kipindi cha mchana. Nilitoa spika mbili barabarani, nikawaambia boda wote wazime pikipiki, nikamzuia mchomelea mageti kwa soda. Mke wangu alitoka na kiti. Wimbo ukaanza. Gitaa likaingia na mkwaruzo wake. Halikufika mbali. Sauti ikakatwa, mtangazaji akaja, mpole kabisa: "Wasikilizaji wetu, tunaomba radhi kwa hitilafu za kimitambo." Wakaweka taarabu.

Kijiwe kizima kilianguka kwa kicheko. Hata binti yangu alicheka, mpaka akajipangusa machozi kwa mtandio. Halafu akaniuliza taratibu, "Baba, ingekuwa wewe ungeukata?"

"Thubutu!" nikasema. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mwenye mashine ya kusaga.

Nikakasirika kwa niaba yake, na mie nikikasirika natenda. Siku hizi redio na sabufa zote zinatumia flashi. Wateja wanapoleta kifaa wanakileta na flashi yake. Nikaamua kila kifaa kitakachotoka dukani kwangu kitoke na albamu ya binti yangu, mwanzo kabisa, kabla ya nyimbo zao. Sikuwauliza. Nilijiambia, redio ni moja, mie nina wateja wa Temeke, Buguruni, Kinyerezi mpaka Kawe. Tuone nani ana masafa marefu.

Baada ya siku tatu akaja dereva wa bajaji. Foleni ilikuwa imejaa.

"Fundi, redio yako imerudia ugonjwa."

"Haiwezekani. Kazi yangu hairudii."

"Sikia mwenyewe." Akawasha. Ilikuwa binti yangu, wimbo wa kwanza. "Unasikia inavyokwaruza? Na juzi tu nimekulipa."

Watu wote wa foleni wakanigeukia. Wengine walikuwa wateja wapya. Nilitaka kusema, huo ni wimbo, umetengenezwa hivyo. Lakini miaka thelathini nimekula kwa kumwambia mtu kwamba sauti ya namna hii ni ugonjwa. Nikachukua redio, nikaingia nayo ndani, nikafungua skrubu nne, nikapuliza, nikafunga. Kwenye flashi nikafuta albamu. Nikaweka taarabu ya kwake mwenyewe, nikatoka nayo inaimba kama maji.

"Imepona."

"Ndiyo maana nakukubali, fundi!" Akatoa hela. Nikapokea. Nisingepokea si angejua kwamba haikuwa na kitu?

Kesho yake wakaja watatu. Wiki haikuisha, kumi na mmoja. Mama lishe wa Buguruni, kinyozi wa hapa hapa Temeke, bibi mmoja wa Kinyerezi aliyekuja na sabufa kwenye bodaboda, mstaafu mmoja wa Kawe, si yule mzee wa spika. Wote nikawafungulia, nikapuliza, nikafuta, nikatoza. Mikono ilikuwa inafanya haraka haraka, kama ya mwizi, na kila mmoja aliondoka ananisifu. Sifa zenyewe nilikuwa nazimeza kama dawa. Mie ambaye hupenda kusifiwa kuliko kula.

Jumamosi binti hakuwa na zamu, akaja dukani na chakula cha mchana. Kinyozi alikuwa amepita tu kusalimia.

"Huyu baba yako ni hatari," akamwambia. "Redio yangu ilikuwa inalia kama paka kabanwa mlangoni. Dakika tano, safi."

"Ilikuwa inalia ikipiga nini?" binti akauliza.

"Ile nyimbo ya Kizungu aliyoniwekea kwenye flashi."

"Ya Kizungu? Si inaimbwa Kiswahili?"

"Kumbe?" kinyozi akasema, akacheka. "Sasa hapo Kiswahili kilikuwa wapi?"

Akaondoka. Mezani kulikuwa na redio nyingine iliyorudishwa, flashi yake iko kwangu mkononi. Binti akaipokea kutoka mkononi mwangu bila kunivuta, akaichomeka, akatazama kilichomo.

"Umefuta, baba."

"Mama, wateja wale hawaelewi. Ningewaambia nini?"

"Na umewatoza."

Redio ilikuwa inaimba taarabu, safi kabisa, na ilikuwa inanikera kuliko mkwaruzo wowote.

"Yule mtangazaji aliukata akaomba radhi," akasema. "Wewe umeukata ukachukua hela."

Akaweka bakuli la chakula juu ya meza, akalifunika vizuri inzi wasiingie, akaenda zake.

Hakunigombeza hata siku moja baada ya hapo, na hilo ndilo lililonimaliza. Kila asubuhi, "Shikamoo baba." "Marahaba mama." Halafu kimya. Mke wangu akawa anapitisha ujumbe kati yetu kama tarishi: mwambie baba sukari imeisha, mwambie mwanao nimeleta. Siku ya nne akachoka. "Mie si laini ya simu," akasema. "Nendeni mkaongee." Lakini tungeongea nini? Dukani nilikuwa nafungua kifaa nasahau nimekifungulia nini. Natoka nje, naingia, natoka. Mteja akisema tu neno "inakwaruza" nasikia joto masikioni.

Alhamisi nikafunga fremu zote tatu. Kijiweni wakauliza nani kafa. Nikamchukua boda mmoja wa siku nzima, nikaweka albamu kwenye simu, nikaanza na wa karibu. Wateja mie siwajui kwa majina, nawajua kwa magonjwa, na wale kumi na mmoja niliwakumbuka wote mpaka rangi za milango yao.

Dereva wa bajaji alidhani nimekuja kuongeza bei. Kinyozi alizihesabu noti mara mbili, akaniuliza kama daktari kaniambia kitu kibaya. Mama lishe wa Buguruni aliweka mwiko chini.

"Fundi unarudisha hela? Unakwenda Makka lini?"

"Redio yako haikuwa mbovu, dada."

"Haikuwa mbovu wakati ilikuwa inakwaruza mpaka wateja wananiacha?"

"Wimbo ndio unaokwaruza. Ni wa binti yangu."

"Basi si uutengeneze? Wewe si fundi?"

"Umeshatengenezwa. Ndivyo ulivyokamilika. Spika iliyotoa sauti hiyo nimeiharibu mie mwenyewe, siku tatu, kwa mikono hii."

"Hebu weka niusikie tena." Nikauweka ule wa nne, wa bibi. Wabeba mizigo waliokuwa wanakula wakainua vichwa. Akasikiliza na mkono kiunoni mpaka bibi anapoita wajukuu. "Mh," akasema. "Huyo mtoto ana uchungu wake. Ila wali haushuki kwa hiyo, fundi. Niwekee, nitausikiliza nikifunga."

Si wote waliokuwa hivyo. Wanne walipokea hela wakaikataa albamu. Mmoja alisema waziwazi, "Hela nipe, hayo makelele kaa nayo." Nikashukuru, nikapanda pikipiki. Yule bibi wa Kinyerezi, anayekaa upande wa pili wa mitambo ya gesi, alisema anasikia ngurumo mwaka mzima, hii ya kwangu angalau ina maneno. Mstaafu wa Kawe alinikalisha saa nzima, akanieleza kwamba hajawahi kuona fundi wa namna hii tangu azaliwe, na akadai nimlipie soda kwa usumbufu wa kuja na kurudi Temeke. Nikamlipia. Na alisema kweli: hakuna fundi mwingine Dar es Salaam aliyewahi kuzunguka siku nzima kurudisha hela ya kazi iliyopokelewa kwa shangwe. Niandikieni hilo.

Nilirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Binti alikuwa uani anaanua nguo zake za maabara. Dada wa besi alikuwa ameshampigia simu. Mama lishe, kumbe, nguo zake anashonesha kwa dada huyo, akamsimulia yote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

Nikangojea kimya cha kila siku. Akakunja koti, akaliweka begani.

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote."

"Mpaka Kawe?"

"Mpaka Kawe."

"Imekugharimu ngapi?"

Mie nikitaja hela huwa nazidisha, kila mtu Temeke anajua. Safari hii nilitoa hesabu ilivyo, pamoja na boda na ile soda: shilingi laki moja, elfu kumi na nane na mia tano.